Sura ya Saba: Tundu Bovu, Mifumo Miwili

Mtu mwenye laptopu inayobeba Windows na Linux pamoja, tundu la USB likigoma, hupewa ushauri mmoja karibu kila anakokwenda: futa hiyo Linux, rudisha mashine ilivyotoka dukani, kisha uje tuangalie. Ushauri huo utausikia kwenye soko la kompyuta la Olaya mjini Riyadh, utausikia Mtaa wa Falasteen mjini Jeddah, na ukirudi nyumbani utausikia Kariakoo na Luthuli. Mimi naupinga. Tundu likifa, mwenye mifumo miwili ana mashahidi wawili ndani ya kasha moja, na fundi anayeanza kwa kufuta mfumo mmoja anamfukuza shahidi kabla hajamuuliza alichokiona.

Ushahidi wenyewe si mgumu kuupata. Tundu ni lilelile, waya uleule, flashi ileile. Windows hulifikia tundu kwa draiva zilizoandikwa na Microsoft na watengenezaji wa chipu. Linux hulifikia kwa kerneli iliyoandikwa na watu wengine kabisa. Kosa la programu upande mmoja halina sababu ya kujirudia upande wa pili. Mfano mzuri ni wa Windows 7, ambayo bado imo kwenye laptopu kadhaa kuukuu. Mfumo ule ulitoka bila draiva ya kidhibiti cha USB 3.0, ilhali Linux ilikuwa nayo tangu kerneli namba 2.6.31 ya mwaka 2009, kazi ya mhandisi Sarah Sharp aliyekuwa Intel. Basi tundu la buluu la USB 3.0 lililonyamaza kwenye Windows 7 lilizungumza vizuri kwenye Linux, kwenye mashine ileile, na chuma hakikuwa na kosa lolote.

Kanuni inayotokana na hapo ni hii. Tundu likifanya kazi kwenye mfumo mmoja na kugoma kwenye mwingine, bisibisi irudi mkobani. Likigoma kote kuwili, acha kusakinisha draiva: tatizo liko chini ya mifumo yote miwili, ama kwenye tundu lenyewe na umeme wake, ama kwenye ile programu ya msingi inayoiamsha mashine, ambayo mafundi wanaiita BIOS ingawa kwenye laptopu za leo jina lake ni UEFI.

Nimeiweka sura hii Riyadh na Jeddah kwa sababu miji hii miwili huua matundu ya USB kwa njia zinazopingana, na kwa sababu huko wapo vijana wetu wanaolazimika kuishi na mifumo miwili. Chuo Kikuu cha King Saud kiko Riyadh tangu 1957, King Abdulaziz kiko Jeddah tangu 1967, na huko Thuwal, kaskazini mwa Jeddah, KAUST kilifunguliwa 2009. Kompyuta kuu ya KAUST iitwayo Shaheen II ilishika nafasi ya 7 duniani mwaka 2015. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaendeshwa na Linux. Mwanafunzi wa sayansi anayetaka kupeleka hesabu zake kwenye mitambo ya namna hiyo hana budi kuizoea Linux; fomu, barua na programu za ofisini zinamrudisha Windows. Kisha Microsoft ikasitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi nzima zisizotimiza masharti ya Windows 11 zikabaki na wenyewe wakijiuliza. Wengi wao wameongeza Linux kando.

Kabla ya kuuliza kwa nini tundu limekufa, uliza ni sehemu yake ipi iliyokufa. USB ya kwanza ilitolewa Januari 1996, na kati ya walioibuni anayetajwa zaidi ni Ajay Bhatt wa Intel. Ilikuwa na pini nne tu: moja ya volti 5, moja ya kurudisha umeme, na mbili za kupitisha data. Novemba 2008 ikaja USB 3.0, ikaongeza pini tano kwenye ulimi uleule wa plastiki, zikawa tisa. Zile tano mpya zina njia yake, na zile mbili za zamani zina yake. Kwa hiyo tundu la buluu linaweza kufa nusu. Kipanya kinatembea bila tatizo kwa sababu kinatumia pini za zamani; diski ya nje inakwama au inajikokota kwa sababu pini mpya zimechafuka au zimepinda. Hata mkono unachangia: flashi ya 3.0 ikiingizwa polepole mno, pini za zamani hugusana kwanza, na mashine huweza kuipokea kama kifaa cha 2.0.

Jaribio la kwanza halihitaji hata kujua kuandika amri. Tafuta kipanya cha waya chenye taa nyekundu chini yake. Taa ikiwaka, volti 5 zipo. Taa ikiwaka lakini mshale hausogei kwenye mfumo wowote, umeme ni mzima na data imekatika. Isipowaka popote, umeme wenyewe haufiki, na sasa unajua utazame wapi. Kisha rudia jaribio kwa kifaa kingine na waya mwingine. Waya za kuchaji simu zinazouzwa bei ya chini mara nyingi hazina kabisa nyuzi za data ndani, na tundu zima limelaumiwa mara nyingi kwa kosa la waya wa namna hiyo.

Sasa turudi kwenye miji yenyewe, maana hapa pana mengi.

Riyadh iko katikati ya Najd, kwenye nyanda za juu takriban mita 600 kutoka usawa wa bahari, mbali na maji yoyote. Kiangazi, joto la mchana hupita nyuzi 43 na unyevu wa hewa mara nyingi uko chini ya asilimia 20. Hewa kavu kiasi hicho haiuachii umeme wa mwilini utoroke. Ukitembea juu ya zulia la nailoni kisha ukagusa kitasa cha mlango, ile cheche unayoihisi kidoleni ni ya volti zipatazo 3,000 au zaidi. Chini ya hapo mwili hauhisi kitu, lakini chipu huweza kuumia kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Ukiwa na flashi mkononi, mahali cheche inapotua ni kwenye tundu. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana nyuma ya pini huweka vifaa vidogo vya kinga vinavyomeza pigo na kulipeleka ardhini. Siku moja kifaa hicho hufia kazini, kikabaki kimeunganisha waya wa umeme na ardhi. Swichi inayolinda bodi huona mkondo umezidi, ikakata. Na kwa kuwa kwenye laptopu nyingi swichi moja huhudumia matundu mawili, utakuta matundu mawili yaliyo jirani yamekufa kwa wakati mmoja huku la upande wa pili wa laptopu likiwa zima. Hiyo ni dalili ya kuithamini sana. Dawa ya kuzuia ni ndogo: gusa kwanza kitu kikubwa cha chuma kilichofika ardhini, kama bomba la maji la chuma, ndipo uchomeke.

Pamoja na ukavu kuna vumbi. Dhoruba za Riyadh huja zaidi miezi ya Machi hadi Mei, na vumbi lake ni laini kama unga. Linapenya dirisha lililofungwa, sembuse tundu lililo wazi. Likiwa kavu halipitishi umeme, bali hujishindilia chini ya pini na kuzizuia zisigusane. Lisafishe mashine ikiwa imezimwa, chaja imechomolewa, kwa brashi kavu ya nywele laini, kisha hewa ya kopo kwa mipulizo mifupi. Uchafu ukigoma, tumia isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwa kiasi kidogo, na usubiri ikauke kabisa. Sindano, pini za mtandio na vijiti vya meno viwekwe mbali. Pini moja iliyopindwa hadi ikamgusa jirani yake ni hasara kubwa kuliko vumbi lote la Najd.

Jeddah ni kinyume chake. Bahari ya Shamu iko pale pale, hewa ni nzito kwa unyevu na chumvi, na ndani ya nyumba viyoyozi vinavuma mchana na usiku. Mwenye miwani anayetoka ndani kwenda kando ya bahari huona vioo vikimfunga kwa ukungu. Laptopu iliyopoa hupatwa na jambo lilelile, ila ukungu wake hutua ndani, juu ya pini. Laptopu nyingi huacha volti 5 kwenye tundu moja au mawili hata zikiwa zimezimwa, ili simu iweze kuchaji. Maji, chumvi na umeme vikikutana juu ya shaba, kutu ya kijani huanza, na hushambulia zaidi pini yenye umeme. Haiui tundu kwa siku moja. Kwanza utaona diski inakatika na kurudi, kisha inahitaji kusukumwa kidogo, kisha inakaa kimya. Anayetoka kwenye chumba baridi na laptopu aiache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo aiwashe. Viongozi wa misafara ya Umra kutoka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, wanaotembea na laptopu na printa ndogo kati ya hoteli, basi na uwanja wa ndege, wangefaidika sana na subira hiyo.

Kuna jambo la umeme wa nyumba pia. Kwa miaka mingi nyumba za Saudia zilikuwa na soketi za volti 127 na nyingine za volti 220. Mwaka 2010 serikali iliamua kuhamia polepole kwenye volti 230. Chaja ya laptopu haijali, kwa kuwa imeundwa kupokea volti 100 hadi 240. Shida iko kwenye nyumba kuukuu ambazo waya wa ardhi haupo au haufanyi kazi. Printa imechomekwa soketi hii, laptopu soketi ile, na waya wa USB ndio pekee unaoziunganisha. Tofauti ya umeme kati yao hupita humo. Ukihisi mwasho kidoleni unapopitisha mkono juu ya kasha la chuma, chomeka vyote viwili kwenye soketi moja ya kurefusha yenye waya wa ardhi kabla hujaunganisha kitu kingine.

Hayo ni ya chuma na hewa. Tukija kwenye mashahidi wetu, kuna sharti ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo linalowafanya waamini kwamba Linux imeua tundu: mashahidi lazima watenganishwe kabla ya kuhojiwa.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kitufe cha kuzima, Windows kwa kawaida haizimiki yote. Hufunga programu zako, kisha hunakili kiini chake pamoja na hali ya draiva kwenye diski, ili kesho iamke upesi. Ni usingizi uliovishwa nguo za kifo. Kwenye laptopu nyingine, kidhibiti cha USB huachwa katika hali ya nguvu ndogo ambayo Linux haikuitarajia, na Linux ikiamka hukuta tundu lisiloitika. Lawama zote huangukia Linux. Anayekuja kuuliza huapa: “Kaka, nimezima na kuwasha mara kumi!” Kweli amefanya hivyo, lakini Windows yake haijaanza upya hata mara moja, kila asubuhi imeamka na ugonjwa wa jana.

Dalili ya tatizo hili ni ya wazi ukiijua. Kuwasha upya moja kwa moja kutoka ndani ya Windows hakupitii njia hiyo ya usingizi. Huko mfumo huanza upya kabisa. Basi, ukifika Linux kwa kuwasha upya tundu linafanya kazi, na ukifika kwa kuzima kisha kuwasha halifanyi kazi, umempata mhusika. Dalili ya pili ni kwamba Linux inakataa kuandika chochote kwenye sehemu ya diski ya Windows, kwa sababu inaiona bado imelala. Fungua dirisha la amri la Windows kwa mamlaka ya msimamizi na uandike `powercfg /h off`. Amri hiyo huondoa usingizi huo wote, pamoja na uwashaji wa haraka. Kwa maoni yangu kila laptopu ya mifumo miwili ingepaswa kufanyiwa hivi siku ileile Linux inapowekwa. Sekunde chache za kuwaka upesi hazilingani na mahangaiko yanayoletwa na usingizi huo.

Baada ya hapo toa umeme wote. Zima, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Swichi iliyokata kwa kuona mkondo umezidi hupata nafasi ya kuachia, na ile chipu ndogo inayosimamia chaja, feni na vitufe huanza kazi upya. Matundu mengi yaliyohukumiwa kifo hufufuka hapa.

UEFI ni shahidi wa tatu, na ni wa kuaminika kwa sababu hategemei mfumo wowote. Chomeka kibodi ya USB kwenye tundu lenye shaka, ingia kwenye mipangilio ya UEFI na ubonyeze mishale. Chaguo likisogea kwenye skrini, pini za umeme na za data ya zamani ni nzima. Ukiwa humo, tazama kama matundu yamefungwa kwa makusudi. Makampuni na ofisi za serikali hufunga USB ili wafanyakazi wasitoe nyaraka, na laptopu zinazouzwa mitumba mara nyingi zilitoka kwenye ofisi za namna hiyo.

Hapa nina onyo ninalolisema kwa uzito. Usibadilishe kitu chochote kwenye UEFI kabla hujaipata namba ya kurejesha ya BitLocker, yenye tarakimu 48, ambayo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 husimba diski bila mwenyewe kuambiwa kwa sauti. Mabadiliko madogo ya UEFI yanaweza kuifanya Windows idai namba hiyo siku inayofuata, na asiyekuwa nayo hupoteza tasnifu, picha za familia, kila kitu. Iandike kwenye karatasi. Na kama kuna tundu moja linalofanya kazi bado, kazi yake ya kwanza iwe kunakili data zako kwenye diski ya nje.

Sasa mhoji Linux, kwa maana yeye ndiye anayesema zaidi. Fungua dirisha la amri, andika `sudo dmesg -w`, kisha chomeka kifaa na usome kinachojitokeza. Kimya kabisa maana yake mashine haikuhisi hata kwamba kitu kimechomekwa: rudi kwenye pini na umeme. Ukiona “device descriptor read/64, error -71”, kifaa kimesikika lakini maneno yake yamefika yamevurugika. Hapo shuku waya, uchafu au kutu, na Jeddah anza na kutu. Namba -110 ina maana jibu la kifaa lilingojewa hadi muda ukaisha. Maneno “over-current condition” ni ile swichi iliyokata umeme, na Windows kwa upande wake hutoa tangazo la kuzidi kwa umeme kwenye tundu. Mifumo yote miwili ikisema hivyo huku hakuna kilichochomekwa, pini zimegusana au kifaa cha kinga kimekufa, na hakuna programu itakayokiponya.

Ujumbe wa kutisha kuliko wote ni “xHCI host controller not responding, assume dead”. Mtu akiusoma hudhani bodi imekwisha. Mara nyingi sivyo. Kidhibiti kimepotea njia, hasa laptopu ilipofunikwa ikalala kisha ikaamshwa, na matundu yote yanayokitegemea hunyamaza kwa pamoja. Tafuta namba yake kwa `lspci`; kwenye laptopu nyingi za Intel ni 00:14.0. Kisha kama msimamizi mkuu andika `echo -n "0000:00:14.0" > /sys/bus/pci/drivers/xhci_hcd/unbind`, subiri kidogo, urudie mstari huo ukiweka `bind` mahali pa `unbind`. Kidhibiti huanza upya bila kuzima mashine. Kikirudia kufa, sasisha kerneli na UEFI, chaja ikiwa imechomekwa muda wote.

Amri ya `lsusb -t` huonyesha kasi ya kila kifaa. Diski ya USB 3.0 ikisomeka 480M badala ya 5000M, pini tano za nyongeza hazifanyi kazi, na hilo ndilo tundu lililokufa nusu nililolieleza. Windows ni mchache wa maneno. Kwa `devmgmt.msc` utaona orodha ya vifaa. Kosa namba 43 kwa kifaa kisichojulikana huwa ni ndugu wa ile -71 ya Linux. Ikiwa Linux inakisoma kifaa hichohicho vizuri, iondoe draiva ya kidhibiti cha USB kwenye orodha hiyo na uwashe upya. Windows itaisakinisha tena yenyewe.

Kuna tatizo jingine ambalo halina kifo ndani yake. Ili kuokoa betri, mifumo yote miwili hulaza matundu yasiyotumika. Linux, kwa vifaa inavyoruhusiwa kuvilaza, husubiri sekunde 2 tu, na programu ya TLP ambayo watu wengi huiweka kwenye laptopu huongeza ukali huo. Vifaa vingine vikilazwa haviamki. Dalili yake: kila kitu kizuri kwenye chaja, matatizo kwenye betri. Ijaribu dhana hiyo mara moja kwa kuongeza `usbcore.autosuspend=-1` kwenye mstari wa kuwashia Linux; upande wa Windows, zima ulazaji wa USB kwenye mipangilio ya ndani ya umeme.

Na wapo wanaolaumu tundu kwa sababu kipanya kisicho na waya kinarukaruka. Intel ilichapisha mwaka 2012 maelezo kwamba mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo yanayotumiwa na vipanya hivyo. Kipokezi cha kipanya kikikaa jirani na diski inayonakili mafaili, kinazidiwa. Kihamishie upande wa pili wa laptopu, au kiunganishe kwa waya mfupi wa kurefusha.

Mashahidi wote watatu wakikubaliana kwamba tundu limekufa, na usafi umefanyika, ni wakati wa fundi. Muulize kwanza tundu lipo kwenye kibao kidogo kilichounganishwa kwa utepe au limelehemiwa kwenye bodi kuu. La kibao kidogo hubadilishwa kwa muda mfupi, na mara nyingine utepe tu ndio uliochomoka. La bodi kuu linataka mkono uliozoea kulehemu vitu vidogo. Tundu linaloitika ukiligusa na kunyamaza ukiliacha, risasi yake imepasuka. Hilo hulehemiwa tena bila kununua tundu jipya.

Umakini zaidi unahitajika kwa matundu ya USB-C, yenye pini 24 katika nafasi ndogo zaidi. Saudia iliamua chaja ya USB-C iwe ya lazima kwa simu na vifaa vingine vidogo kuanzia 1 Januari 2025, na kwa laptopu kuanzia 1 Aprili 2026. Ni uamuzi mzuri kwa mnunuzi, lakini maana yake ni kwamba tundu lilelile linalopitisha data ndilo linaloilisha mashine. Likifa la namna hiyo, na likiwa la pekee, laptopu nzima inasimama. Ukiwa na matundu mawili ya USB-C, chaji kwenye moja na ulitunze la pili kwa data.

Lugha isikutishe dukani. Piga picha ya ule mstari wa `dmesg` kwa simu na umwonyeshe fundi; -71 na -110 zinasomeka sawa kwa Mwarabu, Mhindi na Mmakonde. Akikwambia afute Linux, mwonyeshe pia picha ya tundu likifanya kazi kwenye Linux, kama lilifanya. Na kabla ya kulipa, nenda naye mezani: washa Windows, chomeka diski kwenye kila tundu, nakili faili kubwa, zima kabisa, washa Linux, nakili tena, soma kasi kwa `lsusb -t`, kisha chomoa chaja na urudie kwa betri. Kipanya pekee hakitoshi kwa jaribio hili, kwa kuwa hakigusi pini tano za nyongeza.